Pipa Lililomlewesha Mtamba

Kiwandani wanamwita Mama Machicha, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Kila asubuhi hurudisha nyuma kigari chake cha mizigo hadi chini ya bomba kubwa, na shayiri iliyokwisha kukamuliwa utamu wa kutengenezea wiski humwagika ndani ikifuka mvuke. Machicha yakilala huchacha, kwa hiyo haraka yake si ya maringo. Jua linapokolea, ng'ombe wote kando ya barabara ya kiwanda huwa wameshashiba. Kabla yake, mali hiyo ilikuwa ikitupwa shimoni, na mtaa mzima ukiziba pua.

Mwaka huu alipata hamu mpya. Mapipa makuukuu, yaliyochoka kuhifadhi wiski, yalikuwa yakipasuliwa kuni. Roho ilimuuma. Akamwandama meneja hadi akasalimu amri: achukue moja la majaribio. Wafugaji wakilipenda, mengine yote yatakuwa yao. Wakilikataa, yataendelea kwenda motoni.

Fundi wa mapipa alilikata katikati. Mama Machicha akapeleka nusu kwa wifi yake, mfugaji mwenye ulimi mkali, iwe hori la maji. Wakalijaza, wakaliacha likae ili mbao zivimbe na kuziba nyufa, kama afanyavyo kila mtu anayejua mapipa.

Jumamosi wifi akapiga simu. "Njoo umwone mgonjwa wako."

Mtamba wa wifi, ng'ombe mchanga ambaye bado hajazaa, alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayemsubiri rafiki, sikio moja juu, jingine chini. Alipojaribu kutembea, miguu ya mbele ilielekea langoni, ya nyuma zizini. Mama Machicha alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Cheka, wifi, cheka. Machicha yako yananileweshea mifugo. Kuanzia kesho usiniletee hata kijiko, na majirani nitawaambia."

Kicheko kikakatika. Wifi akisema, barabara nzima husikia. Mama Machicha akaeleza kwamba shayiri ile hukamuliwa kabla pombe haijapatikana; akajibiwa kwamba hotuba hiyo amsomee mtamba. Ndipo alipoinama juu ya hori na kunusa. Mbao zilizokunywa wiski miaka na miaka zilikuwa zimeitapikia majini. Hakuwa na wa kumlaumu. Yeye ndiye aliyetaka zilowe.

Akalipakia hori na kulirudisha kiwandani. Fundi alicheka hadi akakaa chini, kisha wakazijaza nusu zote mbili maji ya moto, wakazimwaga, wakazijaza tena. Maji ya kwanza hayakutupwa. Meneja aliagiza yatiwe kwenye mtambo wa kukeneka, unaogeuza mvuke wa pombe kuwa wiski, pamoja na mchanganyiko wa siku hiyo, kwa kuwa wiski ni wiski popote inapojificha. Walirudia mpaka pua ya fundi, inayoheshimiwa pale kuliko kipimo chochote, ikakosa la kusema.

Waliporudi na nusu zote mbili na kujaza moja maji, wifi aliwapokea na kikombe mkononi. "Mnyama wangu hanywi kabla yako."

Mama Machicha akanywa, akaongezewa. Kisha wifi akamketisha barazani wamenye viazi, akimchungulia macho huku wakisengenya harusi ya binamu. Jua lilipopinda akaamriwa atembee juu ya ukingo mwembamba wa mfereji, kutoka bombani hadi zizini, mikono kiunoni. Majirani walijaa uani. Alifika bila kuyumba, na kwa madaha akaanza kurudi kinyumenyume.

"Acha mbwembwe, utatumbukia," wifi akasema, tayari akimfungulia mtamba kamba.

Mtamba akanusa, akanywa, akanyanyua kichwa na kusimama wima kabisa, kama aliyekata tamaa ya kuonja wiski tena.

Jirani mmoja hakungoja. Akichungulia juu ya ua, aliuliza kama ile nusu ya pili ina mwenyewe. Wifi akamjibu kwamba ni yake, ya kuku; anayetaka pipa apange foleni nyuma yake, na aje na kikombe chake.