Nati za Trela

Tangu astaafu, fundi wa malori aliyeitwa Spana alikuwa akimwahidi mkewe safari kwa trela lao la kulala. Trela likaota mizizi uani, na kuku wa mkewe wakawa wanatagia kitandani.

Leo Spana aliyang'oa matairi yaliyopasuka kama visigino, akafunga rimu mpya na matairi mazito.

"Mzee, umemaliza?" mkewe aliuliza, mkono kiunoni.

"Bado, mama watoto. Rimu ikiwa mpya, nati hukazwa tena baada ya kilomita themanini."

"Na hizo kilomita utazipata wapi, hapa uani?"

Spana alijifuta grisi. "Ndiyo maana nakuuliza, tuelekee wapi?"

Mkewe aliingia kwenye trela, na punde kuku wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakilalamika, na nyuma yao ukatoka ufagio.