Nyumba Isiyotakiwa Kwisha

Mwaka ule kabichi zilipopata bei, Sharifa na mumewe Athumani walichoma tanuri la matofali nyuma ya shamba lao, kule Mlola. Wakachimba msingi, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Likabaki paa tu. Sharifa alikuwa ameshachagua chumba chake, kile kinachopata jua la asubuhi, kwa sababu kifua chake hakikupatana na baridi ya milimani wala na moshi wa nyumba ya udongo waliyokuwa wakiishi.

Kabla paa halijapanda, binti yao Mwanaheri akafaulu kidato cha sita, akapata nafasi ya kusomea uuguzi Dodoma. Mkopo wa serikali aliopangiwa ulitosha sehemu tu ya ada. Mwalimu wake akamsaidia kuomba ufadhili kwa shirika moja linalosomesha watoto wa familia zisizo na uwezo, na shirika likamtuma dada mmoja, Lucy, aje aione hali ya nyumbani kwa macho yake.

Lucy alikuja na viatu vimejaa tope jekundu. Akamwamkia kila mtu, akaketi kwenye kigoda, akauliza maswali yake kwa upole. Mwishoni akanyoosha kalamu kuelekea zile kuta mpya.

"Na ile nyumba, baba?"

"Ya mdogo wangu," Athumani akajibu upesi. "Yuko Korogwe."

Sharifa alikuwa ameshika birika la chai. Akamimina, akamkaribisha mgeni, hakusema neno. Ukimya ule ndio uliomfunga.

Mwanaheri akapata ufadhili. Kwenye mkataba palikuwa na kipengele kinachosema kwamba hali ya familia ikibadilika, shirika lijulishwe. Mwanaheri aliwasomea, na Athumani akakichukua kipengele kile kama kufuli.

"Tukiezeka tu, mtoto anarudi nyumbani," akasema. "Mama Mwanaheri, vumilia. Miaka minne si mingi."

Ikawa ndiyo maisha yao. Kila mwaka Lucy alipokaribia kuja, Athumani alishusha sola yao ndogo kutoka kwenye paa la nyumba ya udongo, na ng'ombe wa maziwa akapelekwa zizini kwa Saumu, jirani yao. Sharifa alitakiwa avae khanga iliyochakaa. Mara ya kwanza alicheka alipokuwa akiivaa. Mara ya pili hakucheka. Alimpokea Lucy, akaitikia shikamoo yake, akakaa pale akijionyesha, akihisi kama mbuzi mnadani anayeangaliwa meno.

Ndani ya nyumba mpya maboga yalijiotea. Moja likatambaa mpaka kwenye kile chumba cha jua la asubuhi, likazaa humo. Saumu akamwambia, "Nyie mna bustani yenye kuta." Sharifa akacheka kwa adabu, kisha akaenda mtoni kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Masika ya mwaka wa tatu ukuta wa nyuma wa nyumba ya udongo ukaanguka. Athumani akauziba kwa mabanzi na nailoni. Ukungu ukawa unaingia ndani na kutoka kama mwenyeji. Sharifa akakohoa mpaka akapelekwa zahanati, na mganga akamwambia akae mbali na moshi na unyevu. Aliporudi akampigia Mwanaheri simu, akitaka kusema kwamba amechoka. Kabla hajafungua kinywa binti akasema, "Mama, bado mwaka mmoja tu. Naomba." Sharifa akamuuliza kama anakula vizuri.

Mwanaheri akahitimu. Wakapika pilau, majirani wakajaa uani, na Athumani, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasimama akawashukuru wote. Jioni ile Sharifa aliingia kwenye nyumba mpya na panga, akayakata maboga yote, akafagia.

Miezi michache baadaye, kabla hawajanunua mabati, matokeo ya Hafidhi, mdogo wake Mwanaheri, yakatoka. Alikuwa amefaulu kuliko hata dada yake. Sharifa alipiga vigelegele mpaka Saumu akaja mbio. Alipogeuka kumtafuta mumewe, akamwona nyuma ya nyumba, anafunika upya kwa nailoni rundo la matofali yaliyobaki. Akaelewa kabla hajaambiwa.

"Baba Mwanaheri, unafanya nini?"

"Shirika ni lile lile," Athumani akasema bila kugeuka. "Na Lucy ni yule yule. Nyumba ni ya mdogo wangu."

"Miaka mingine minne?"

"Unataka nimwambie nini mtoto?"

Sharifa akaingia ndani, akawasha kuni, akakohoa.

Lucy alipokuja kumwona Hafidhi, Sharifa hakuvaa khanga ile. Chai ikanywewa, maswali yakaisha, na Lucy akatazama nje akatabasamu.

"Mama, ile nyumba ya shemeji yako bado tu?"

"Si ya shemeji," Sharifa akasema. "Ni yetu. Tangu siku ya kwanza uliyokuja."

Athumani akasimama, akatoka nje. Hafidhi akainamisha kichwa. Lucy aliiweka kalamu chini.

"Mngesema tu, mama. Sisi tunaangalia kipato, tunaangalia idadi ya watoto. Nyumba ni kitu kimoja kati ya vingi."

"Tungesema, Mwanaheri angepata?"

Lucy akaichukua tena kalamu. "Sijui. Kamati ndiyo inaamua. Lakini sasa sina budi kuandika na hili, kwamba mlinificha."

"Andika," Sharifa akasema.

Jibu lilikuja kwa simu ya Hafidhi: ombi limekataliwa. Mkopo wa serikali alipata, lakini haukutosha, na Mwanaheri alikuwa bado anajitolea tu kwenye kituo cha afya. Hafidhi akaahirisha chuo mwaka mmoja, akashika jembe pamoja na baba yake kwenye viazi. Hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja, na hilo lilimwuma Sharifa kuliko matusi.

Sharifa akauza ng'ombe, akanunua mabati. Aliyepanda juu kuyapigilia ni Hafidhi. Alifanya kazi safi, kimya, akashuka, akanawa mikono, akaenda kulala kwa bibi yake.

Athumani hakuhama nyumba ya udongo. "Mwakani mtoto ataomba tena, kwingine," alisema. "Watakuja kuangalia. Lazima wamkute mtu humu." Basi kila jioni Sharifa alipika katika nyumba mpya, akavuka uwanja na sahani, akamwekea mumewe chakula kwenye kigoda, wakakaa katika moshi wa kuni alizokuwa akiota.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, Athumani alimega tonge, akaliacha mkononi.

"Paa linavuja?"

"Halivuji."

"Vizuri," akasema, akaendelea kula.