Kris Iliyong'arishwa kwa Sikukuu

Mwanangu, mtu mzima mwenye mvi na cheo ofisini, anakusanya panga. Si za hapa Nizwa, Uarabuni, tunapokaa, la. Yeye anataka kris, panga za kale za Wamoro, Waislamu wa Ufilipino, zimejipinda kama nyoka kakanyagwa. Chuma chake kimekunjwa na kufuliwa tabaka juu ya tabaka, ukikitia siki kinatoa mistari. Mie naona kutu. Yeye sauti humtoka puani: "Bimkubwa, hii si kutu. Hii ni sanaa."

Haya, sanaa.

Sasa, kabla ya Idi kila nyumba hapa hupeleka jambia kwa fundi likasuguliwe ling'ae. Mke wa mwanangu, katoka kwa Waarabu wa Burundi, roho nzuri mpaka inaudhi, akachukua jambia la mumewe. Akaiona na ile kris aipendayo mumewe kushinda zote, nyeusinyeusi, akaihurumia. Akavipeleka vyote viwili karakana ya fundi, kule Firq. Kris ikarudi inametameta kama sufuria ya harusi. Mstari hata mmoja hauonekani.

"Mama, nilitaka kumfanyia sapraizi," ananiambia.

Mwanangu hakugomba. Afadhali angegomba. Idi nzima hakusema na mkewe. Chumvi iko mbele ya mkewe, yeye anaiomba kwangu: "Bimkubwa, mwambie anipe chumvi." Mie nimekuwa simu ya nyumba.

Ijumaa baada ya sala mwanangu akatoka uani. Akaiosha kris kwa sabuni isibaki na mafuta, akapasha siki, akaizamisha. Mkewe dirishani jikoni, anafuta sahani ile ile. Nyumba inanuka achari.

"Tia na pilipili, tule," nikamwambia. Hakucheka.

Alipoitoa, mistari imo, lakini si ile. Fundi kala chuma kwa kusugua, tabaka nyingine imetokea. Palipokuwa na mawimbi sasa pana mafundo kama ya mbao. Akaigeuza huku na huku. Mie nikanyamaza, muujiza huo.

Akainua kichwa dirishani. "We, njoo uone ulichokifanya."

Mkewe akatoka, mikono inamchuruzika maji. Mumewe akamshikisha mpini.

"Hapa, tazama. Hii mimi sijapata kuiona."

"Mbaya?"

"Sijui. Tazama na wewe."

Wakainama, vichwa vimegusana, wanastaajabia kutu. Chai nikajitilia mwenyewe.