Desemba Tuliyokaa Uani

Kila shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, wanangu watatu walikuwa wanapanda milimani Suji kwa bibi yao, mama mzazi wa mume wangu. Kule juu kuna baridi, kuna vijito vya kuchezea na parachichi za kuokota chini, na wakirudi Januari huwa wamenenepa hadi sare za shule zinawabana. Mwaka huo hawakupanda. Bibi yao alikuwa kijiji kingine, Mhezi, akimuuguza dada yake, na mimi nilikuwa na mgonjwa wangu hapa Same.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mume wangu. Ni dereva wa lori. Alikuwa juu ya mzigo akifunga turubai, akateleza na kuanguka, mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili. Walimleta nyumbani amefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni, na daktari akasema akae hivyo kwa wiki nyingi. Mtu aliyezoea kulala leo mji huu na kesho mwingine, akaambiwa akae kwenye kiti.

Alikaa vibaya. Asubuhi nilimsaidia kutoka na magongo yake hadi kivulini, nyuma ya nyumba, nikamwekea kigoda cha kuegeshea mguu. Hapo alikaa akitazama milima. Nikimwuliza kama anataka chai ya rangi au ya maziwa, anasema, "Yoyote." Nikimwuliza kama mguu unauma, anasema, "Unauma," basi. Mimi ni fundi cherehani, cherehani yangu iko kwenye baraza ya uani, na nilikuwa nashona sare za watu huku sikio langu moja likiwa kwake.

Watoto walimwogopa. Si kwamba alikuwa mkali, hawakumzoea tu. Miaka yote alikuwa anakuja nyumbani siku mbili, analala usingizi wa uchovu, anaondoka. Mkubwa wa kiume alikuwa na miaka kumi na miwili, wa kati, msichana, tisa, na kitinda mimba wetu, msichana pia, alikuwa na miaka sita. Huyu mdogo alikuwa anamwambia "Shikamoo baba" akiwa ameshika sketi yangu, na kabla marahaba haijaisha, ameshapotea.

Likizo bila Suji ni ndefu. Joto la Same mnalijua, na ule upepo wa vumbi. Watoto walitamani kurushiana maji, lakini maji yetu ni ya ndoo, huwezi kuyamwaga kwa mchezo. Kwa hiyo walicheza kombolela mpaka maficho yote ya uani yakajulikana, wakaruka kamba mpaka kamba ikakatika, mwisho wakabaki na rede. Kwa asiyeijua, rede huchezwa hivi: wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akiijaza kabla hajapigwa, ameshinda.

Siku moja mkubwa alirusha kwa nguvu, mpira ukapita juu ya dada yake, ukaenda kutua kwenye plasta ya baba yao. Hapohapo ukafumuka, matambara yakatawanyika miguuni pake. Nilisimamisha cherehani. Watoto waliganda. Mimi mwenyewe nilijiandaa kwa makelele, maana tangu alete ule mguu hajawahi kucheka.

Akaokota kile kilichobaki cha mpira, akakigeuzageuza.

"Huu umeshonwa na fundi gani?" akauliza.

Wakubwa wakamtazama mdogo wao. Kisha yule mdogo akasema kwa sauti ndogo, "Mimi."

"Umeshona?"

"Nimefunga tu."

"Ndiyo maana. Njoo hapa." Akanigeukia. "Mama, una vipande vya vitambaa?"

Vipande nilikuwa navyo mfuko mzima. Nikampelekea na sindano na uzi mnene. Alimkalisha mtoto kwenye ukingo wa kile kigoda, pembeni ya mguu, akamwonyesha jinsi ya kubana matambara hadi yawe tonge gumu, jinsi ya kuzungusha uzi kwa kupishanisha, kama anavyofunga mzigo. "Vuta. Vuta zaidi. Mzigo ukilegea utakuangusha barabarani." Mtoto alivuta huku ametoa ulimi. Walimaliza mchana wote. Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, na baba yao akawa ameshika sindano muda wote huo bila kuutaja mguu hata mara moja.

Kesho yake alijifanya mwamuzi. Hakuna aliyemteua. Aligonga gongo lake chini na kusema, "Hiyo chupa haijajaa! Gonga mchanga ushuke." Mdogo akagonga, mchanga ukashuka, akaongeza kiganja kimoja akakwepa mpira kwa kulala chini kabisa.

"Kapigwa!" wa kati akapiga kelele. "Mpira umemgusa nywele!"

"Nywele si mtu," baba akasema.

"Baba unampendelea!"

"Mwamuzi hapingwi."

Wakagombana wote wanne, na mimi barazani nikacheka hadi nikashona mkono wa shati kwenye mfuko. Ilibidi nifumue.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa nyingine. Asubuhi mdogo ndiye aliyekuwa anambebea kigoda. Wakubwa walimletea kesi zao. Alimfundisha mkubwa kutengeneza lori la mbao lenye usukani wa waya unaokata kona kweli, na wa kati akadai lake, akatengenezewa. Jioni nikipakua makande tulikula hukohuko nje kwenye mkeka, yeye kwenye kiti chake, akiwasimulia vituo vya mizani ya kupimia malori na milima ya barabarani. Mimi ni mke wake wa miaka kumi na minne na zile habari nyingine nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza.

Mvua ilikuja mchana, karibu na Krismasi. Mvua ya Same haipigi hodi. Tulisikia harufu ya vumbi lililoloa, halafu bati likaanza kuvuma. Niliwakimbilia watoto nikifikiri nitawaingiza ndani. Wao walikuwa wameshavua mashati, wanazunguka na midomo wazi. Mume wangu nilikuwa nimemsogeza barazani kwa sababu ya plasta.

"Nitoe," akaniambia.

"Plasta italowa, baba."

"Funga nailoni. Nitoe."

Nilimtazama nikaona hatanii. Nikachukua ule mfuko mkubwa ambao vitambaa vyangu huja nao, nikauvisha mguu mzima, mkubwa akafunga kwa kamba juu ya paja, fundo la turubai, kama alivyofundishwa. Tukamtoa. Alikaa kwenye kiti chake katikati ya uwanja, amelowa kichwa hadi kiuno, na watoto wakawa wanamzunguka wakimrushia maji kwa viganja, na yeye anawarudishia. Maji yale hayakuwa ya ndoo. Jirani yangu alichungulia juu ya michongoma, akauliza kama tumerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikavua kitenge cha kichwani, nikatoka nami.

Plasta ilitolewa mwezi wa pili, na mguu ukatoka mwembamba kama wa mtoto. Alirudi barabarani baada ya Pasaka, polepole. Sitaki kudanganya kwamba mambo yote yalibadilika. Lori ni lori, na bado hulala mbali. Lakini sasa akipiga simu haniulizi tu kama tuko salama. Anamtaka kila mtoto, mmojammoja, na yule mdogo humshika simuni mpaka salio linakatika.

Kabla hajaanza kazi tulipanda wote Suji kutoa shukrani kanisani. Tulisimama mbele, watano, mama mkwe wangu akiwa ameketi benchi la kwanza. Mchungaji alimpa mume wangu nafasi ya kusema neno. Si msemaji. Akawashukuru madaktari, akawashukuru majirani, akamshukuru Mungu kwa mguu. Nilidhani amemaliza, nikaanza kugeuka.

"Na kwa zile siku nilizokaa uani," akasema.

Washarika waliitikia amina, kama wanavyoitikia lolote. Nilishika mabega ya watoto, tukatembea kurudi kwenye viti vyetu.