Miwani ya Mzee Kahiga

Tangu Wachuka akabidhiwe ukurasa wa Facebook wa maktaba, hajui tena kutulia. Akipanga vitabu, simu inamwasha mfukoni kama upupu. Akinywa chai, jicho moja liko kwenye kikombe, jingine kwenye skrini. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja cha mawe karibu na mtaa wa Skuta, viti kumi na vinane, na kwa miaka miwili ukurasa wake ulikuwa na wafuasi mia moja na kumi na wawili. Akiweka picha ya vitabu vipya anapata laiki tatu: yake mwenyewe, ya dadake wa Karatina, na ya mwanamume fulani anayependa kila kitu duniani.

Bosi wake, Madam Tryphosa, si mtu wa kelele. Alimwambia tu, "Wachuka, wafadhili wanataka kuona watu. Shelf wameshaziona." Tangu siku hiyo usingizi ukamhama.

Na mtu alikuwepo. Kila Jumanne saa nane, wasomaji wakiwa wachache, Mzee Kahiga alishuka kutoka kijiji cha Giakanja na koti lake la Jumapili, akaketi kona ya nyuma, na Wachuka akamfundisha kusoma. Mzee ana miaka sitini na tisa. Ni mzee wa kanisa, nyimbo zote anazijua kwa kichwa, na akiombwa kusoma Neno hujipapasa mifuko na kusema, "Miwani nimeacha nyumbani." Miaka thelathini miwani inaachwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kuuliza, maana mzee haulizwi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama haswa. Kitabu cha watoto cha sungura na fisi kilimtoa jasho. Wachuka aliipenda Jumanne kuliko siku zote. Ndiyo siku pekee mikono yake ilikubali kukaa mezani.

Siku mzee alipomaliza ukurasa mzima bila kusaidiwa, Wachuka alishindwa kujizuia.

"Guka, nikuchukue picha kidogo?" akamwuliza, akimwita babu kama kawaida yake.

"Chukua," mzee akasema, akinyoosha tai. "Na yangu utanipea lini?"

Mawazo yake yalikuwa kwa picha ya studio, ile unayopewa kwa bahasha ukaiweke kwenye kabati la sebuleni. Wachuka alicheka, akamwahidi, wala hakumweleza zaidi. Kisha akarekodi video ya sekunde arobaini: kidole chini ya maneno, midomo ikisukuma silabi, na miwani, safi kabisa, juu ya pua.

Akaiweka kwenye ukurasa, na kufikia jioni ilikuwa imetazamwa na watu elfu tatu. Jumatano, elfu kumi na tisa. Wachuka alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, akisoma maoni kwa sauti. Hongera mzee. Elimu haina mwisho. Mungu akuzidishie. Alikuwa na furaha ya kijinga, ya kutaka kumkumbatia kila aliyeingia mlangoni. Alipozidi kushuka akaona maoni ya mtu wa Giakanja: "Huyu si mzee wetu wa kanisa? Kumbe miwani haikuwa nyumbani." Chini yake watu sitini walikuwa wamecheka.

Aliifuta video kwenye ukurasa papo hapo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tayari video, na picha za maoni yake yote, zilikuwa kwenye WhatsApp ya kwaya, ya wakulima wa kahawa, ya akina mama.

Jumanne ikafika. Saa nane, saa nane na nusu, saa tisa. Wachuka alikwenda mlangoni mara kumi na mbili, akapiga simu, haikushikwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kesho yake alipitia studio mjini, akachapisha picha moja kutoka kwa ile video, akaitia bahasha na kupanda hadi Giakanja.

Mlangoni alipokewa na Njoki, mke wa mzee. Gambuti za mzee, zile za shambani, zilikuwa pale kizingitini.

"Habari, cucu," Wachuka akamsalimu kama bibi yake. "Guka yuko?"

"Hayuko, mwalimu," Njoki akasema bila kupepesa, akampa kitabu cha sungura kikiwa kimefungwa kwa gazeti. "Amesema nikurudishie hii. Ati asante."

"Nimekuja kuomba msamaha. Mwambie asijali zile comments, nyingi ni nzuri. Kama kuna mtu amemsomea ile mbaya..."

"Hakuna mtu amemsomea. Alichukua simu ya kijana yetu Mwai, akakaa nayo kwa jikoni siku mbili. Kidole hivi, neno moja moja. Amesoma zote mwenyewe."

Wachuka alibaki na bahasha mkononi. Ndani ya nyumba kiti kilisogezwa, na sauti ya mzee ikatoka, taratibu, ile ile ya Jumanne.

"Njoki, mwambie ile ya miwani nilisoma mara mbili. Nilifikiria nimekosea."