Kijiko na Kikombe cha Bati

Maziwa yameungua jikoni, na harufu yake imenirudisha Kibugu, kando ya kitanda cha babu. Enzi zake babu alituma telegramu posta. Alinifundisha Morse, zile alama za herufi za telegramu, kwa kijiko na kikombe cha bati: kugonga ni nukta, kukwaruza ni mstari. Tuliongea hivyo kwa Kiswahili tu, kama shuleni.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya sauti. Asubuhi moja aliomba kijiko kwa macho, akaanza kugonga.

“Si ni wewe alifundisha,” nyanya akaniambia. “Tuambie anataka nini.”

Herufi nilizipata zote, ila hazikufanya neno. Nilizigeuza huku na huku nikitafuta Kiswahili. Haikunijia akilini kwamba mgonjwa anaweza kurudi kwa Kiembu cha mamake. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama.

“Anataka chai,” nikasema.

Nyanya aliichemsha kwa haraka mpaka maziwa yakaungua. Babu alinywa funda moja, akanitazama, akachukua kijiko tena. Safari hii aligonga polepole, herufi moja moja, kama siku ya kwanza aliyonifundisha.