Tulivyoogea Lenga-lenga

Harufu ya vumbi jekundu likipigwa na matone ya kwanza, jamani, hainiachi. Ikinikuta popote hapa Lilongwe, miguu yangu inarudi yenyewe kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nyuma ya nyumba yetu ya matofali mabichi, pale ambapo siku moja mama aliamua kutulimia Bukavu nzima.

Ilikuwa Oktoba, joto la kukaanga yai juu ya kichwa cha mtu. Nilikuwa na miaka tisa. Mvua ikashuka mchana, na kabla haijakatika mama alishafungua fundo la kitenge alimotunza mbegu za lenga-lenga, mchicha wetu ule, alizotoka nazo Bukavu, kwetu Kongo. Akazimwaga zote. Zote! Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha unapanda, hakuna mkutano.

Jirani yetu Mmalawi, tuliyemwita Amayi, alishika kiuno akatazama.

"Mama, hii ni chizimalupsa, ya kuzima moto wa porini tu. Mvua yenyewe bado mwezi mzima."

"Zikomo, Amayi," mama akashukuru, akisawazisha udongo. "Ila mbegu zangu zinajua kazi."

Siku ya tano zikaota, nyingi kuliko watu wa kambi. Mimi na ndugu zangu watatu tulishazila kwa macho, na mawese juu. Kisha mvua ikapotea. Jua likasogea karibu kutuchungulia. Mbegu nyingine hatukuwa nazo. Hizi zikikauka, lenga-lenga ya kwetu ingekwisha kabisa. Na foleni ya bomba, naapa, ilikaribia Msumbiji.

Hapo mama akatoa amri: "Kuanzia leo, batoto, kuoga ni kwa bustani. Sabuni hapana!"

Loh! Kila jioni tulisimama katikati ya matuta na kaptula zetu, tukimwagiwa kikombe kwa kikombe.

"We, geuka! Huko kumekauka!" mama alimkemea kaka yangu, kana kwamba yeye ndiye bomba.

Tuligombania matuta. Watoto wa Amayi walitucheka siku mbili. Siku ya tatu walikuja na ndoo zao, wakiomba kuoga kwetu.

Mvua ya kweli ilipofika, wenzetu wakaanza kupanda. Sisi tulikuwa tunachuma. Amayi alipelekewa sahani, akala na nsima, ugali wa kwao, akatikisa kichwa. Nami nikaamini mama anaijua mvua kuliko mawingu.

Miaka ikapita. Nikamaliza shule ya jioni, nikapanga nyumba mtaa wa Biwi, hapa Lilongwe. Oktoba, mvua ya kwanza tu, nikamwaga mbegu za lenga-lenga alizonipa mama, kwa mbwembwe. Zikaota, zikalala chini kama walevi. Nikampigia mama simu.

"Mama, mvua imenidanganya!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata mi ilinidanganyaka, mwaka ule wa kuoga bustanini."

"Kumbe ulijua! Mbona hukutuambia?"

"Ningebaambia nilikosea, nani angekubali kuoga bila sabuni?"

Nikatazama tuta langu. Jioni zote zile tulizoruka na kusukumana, kumbe mama alikuwa anaogopa. Hofu aliibeba peke yake. Sisi alituachia furaha yote.